Kupima kumbukumbu tendaji ya mzee aliyeanza kusahau: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mzee ameshuka kwenye tuktuk hapo Majengo. Nauli ni shilingi mia na hamsini, ametoa noti ya mia mbili, na dereva huku akitafuta chenji anamuuliza kama yule kijana wa jirani amesharudi kutoka Uarabuni. Mzee anajibu, anacheka, na bado mkono kaunyoosha akisubiri hamsini yake. Kwa nusu dakika hiyo ameshika nauli kichwani, ameshika alichotoa, ametoa kimoja katika kingine, na mazungumzo hayakumpoteza. Kazi yote hiyo ni ya kumbukumbu tendaji.

Siku anapoanza kuondoka bila chenji, au kulipa mara mbili, watoto husema ni uzee tu. Wengine hunibishia kabisa: "Mama hasahau, Yasini yote anaisoma kwa ghibu." Naamini. Lakini sura iliyohifadhiwa tangu chuo cha Kurani miaka sitini iliyopita imelala mahali pengine katika ubongo, na mtu anaweza kuisoma bila kukosea harufi moja huku akishindwa kushika nambari mbili kwa muda wa kuzigeuza. Nimeliona hilo kwa bibi mmoja wa Mji wa Kale, nami nitamrudia.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, waliielezea kumbukumbu tendaji kama mahali pa kazi penye sehemu tatu: moja hushika sauti, moja hushika picha na mahali vitu vilipo, na ya tatu ni msimamizi anayeamua lishikwe lipi, ligeuzwe lipi, liachwe lipi. Ndiyo maana mwongozo huu unapima kwa sikio, kwa jicho na mkono, na kwa kugeuza. Nimeuandika kwa ajili ya wahudumu wa afya ya jamii na kwa watoto na wajukuu wanaowatunza wazee wao hapa Mombasa. Karatasi utakayoijaza haisemi kama mzee ana dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu na akili, au hana. Inampa daktari kitu cha kushika, badala ya "siku hizi anasahausahau".

Hatua ya kwanza: ondoa vinavyojifanya usahaulifu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote, nami najua kwa nini. Nilipoanza kazi hii nilimpima mzee mmoja katika kituo cha afya, saa tano asubuhi. Nambari tatu alizirudia, nne hakuziweza. Niliandika kwamba kumbukumbu yake imeshuka sana na nikampa mwanawe ile karatasi. Baada ya wiki mbili nilipita kwao Likoni kumwangalia. Alikuwa ameshastaftahi, mahamri na mbaazi, amekaa barazani kwake. Akarudia nambari sita. Siku ile ya kwanza alikuwa ametoka nyumbani alfajiri kuwahi feri, ana sukari, dawa amemeza na chai hajanywa, na kwenye foleni amekaa zaidi ya saa tatu. Sikumuuliza hata moja kati ya hayo. Yule kijana alikuwa ameshawaambia ndugu zake kwamba baba akili zimeondoka.

Kwa hiyo kabla ya nambari yoyote, uliza na uandike:

Amekula nini, saa ngapi? Mwezi wa Ramadhani usimpime alasiri. Mpime baada ya futari na tarawehe kama hajachoka, au mngoje Mfungo mosi.

Amelalaje jana? Anaumwa popote sasa hivi? Goti linalouma huchukua nafasi kichwani kama nambari inavyochukua.

Anatumia dawa gani? Mwambie atoe mfuko wote wa dawa, pamoja na za dukani. Piriton ya mafua, amitriptilini ya maumivu au usingizi, na vidonge vya kulala vya jamii ya diazepamu, zote huweza kumtia mzee ukungu wa akili. Usimwachishe dawa wewe. Andika majina na kiasi, daktari ataamua. Uliza pia kwa heshima kuhusu miraa na muguka.

Anasikia? Simama nyuma yake kidogo, sema kwa sauti ya kawaida maneno mawili matatu, umwombe ayarudie. Asipoyapata, hicho ulichokipata ni habari ya masikio. Kama ana kifaa cha kusikia kakiweka sandukuni, kitolewe. Miwani pia. Mwenye mtoto wa jicho usimpime kwa vitu vya kuangalia.

Ana huzuni? Mjane wa miezi minne, mzee aliyezika mwana, hujibu polepole na husema "sijui" kabla hata ya kujaribu. Mwenye dimenshia mara nyingi hujaribu, hukosea, na huona amepatia. Tofauti hii si kanuni ya chuma, lakini inafaa kuandikwa.

Na lililo kubwa: mabadiliko haya yalianza lini? Kama mzee alikuwa mzima Jumatatu na Alhamisi hajui alipo, au analala mchana na kuongea na wasiokuwepo usiku, acha kupima. Hilo ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na nyuma yake huenda kuna homa, maambukizi ya mkojo, kukauka maji, sukari iliyoshuka au dawa mpya. Vivyo hivyo aliyeanguka akagonga kichwa, hata kama ni wiki kadhaa zilizopita, maana damu huweza kukusanyika taratibu juu ya ubongo. Na mdomo uliopinda au mkono uliolegea ghafla ni kiharusi. Hao wote ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya pili: chagua lugha na nambari

Muulize: "Ukihesabu pesa peke yako, unahesabu kwa lugha gani?" Usikisie kwa jina wala kwa mtaa. Mstaafu wa bandarini huenda anahesabu kwa Kiingereza, mama wa Kigiriama anayeuza nazi Kongowea kwa Kigiriama au Kiswahili, na wapo wa Kihindi na wa Kiarabu. Lugha anayohesabia ndiyo ya kupimia, na kama wewe huijui, tafuta anayeijua.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havitakwambia. Katika Kiswahili nambari zote kuanzia moja hadi tisa zina silabi mbili, hata nne, kwa sababu ile n ya mwanzo ni silabi peke yake. Kwa Kiingereza zote ni silabi moja isipokuwa saba. Neno likichukua muda mrefu kulitamka, yanayokaa kichwani kwa pamoja huwa machache. Kwa hiyo jedwali la wastani lililotengenezwa kwa wazee wa Uingereza au Marekani huwezi kulibandika juu ya bibi wa Kibokoni ukamhukumu nalo.

La pili ni sikio. Uzee hula kwanza sauti nyembamba, na s na t zimo humo. Hebu sema taratibu: sita, tisa. Irabu ni zilezile, konsonanti zimebadilishana mahali. Nne na nane nazo zinakaribiana. Bibi anayejibu "saba, tisa, mbili" badala ya "saba, sita, mbili" huenda ameshika vizuri sana kile alichokisikia. Mistari nitakayokupa nimeipanga ili mstari mmoja usiwe na sita na tisa pamoja, wala nne na nane pamoja. Ukitunga yako, ufuate hivyohivyo, na sifuri uiache nje.

Hatua ya tatu: omba ruhusa, kisha pangeni kukaa

Bisha hodi, toa salamu zake zote, ukubali chai ikija. Kisha muombe mzee mwenyewe, si mwanawe. Mimi husema: "Bibi, nataka tujaribu mambo ya kukumbuka. Mengine ni mepesi, mengine magumu hata kwangu. Ukichoka, niambie tuache." Akikataa, kakataa. Rudi siku nyingine.

Kaeni mahali pasipo redio, mbali na dirisha la barabarani, na usianze dakika chache kabla ya adhana. Mwanga uangukie uso wako, auone mdomo wako. Waliopo chumbani wawe wachache, na uwaombe mapema wasimnong'oneze. Mjukuu anayesema "Bibi, si unaijua hiyo!" anaharibu kipimo na anamtahayarisha bibi yake. Mpe mjukuu kazi ya kuandika saa.

Hatua ya nne: kurudia mbele

Mwambie: "Nitasema nambari. Nikinyamaza, zirudie vilevile nilivyozisema." Mpe mfano mmoja wa nambari mbili.

Soma nambari moja kila sekunde. Gonga kidole pajani mwako, chini ya meza, ili usiharakishe. Sauti iwe sawa mwanzo hadi mwisho, ishuke kidogo tu kwenye nambari ya mwisho. Usizikusanye mbilimbili au tatutatu kama mtu anayetaja nambari ya simu, maana ukizifunga wewe mafungu, umemfanyia nusu ya kazi. Mstari ukishausoma, hausomwi tena. Akisema hakusikia, andika hivyo na uende kwenye mstari wa pili wa urefu uleule.

Mbili: 5 2, kisha 7 4.
Tatu: 3 8 1, kisha 6 2 7.
Nne: 5 1 9 2, kisha 7 3 8 6.
Tano: 2 6 3 8 1, kisha 9 4 7 1 5.
Sita: 7 1 5 8 2 9, kisha 3 6 1 7 4 2.
Saba: 5 8 1 7 3 9 2, kisha 4 7 2 5 1 6 3.

Akipata hata mstari mmoja kati ya miwili, panda urefu unaofuata. Akikosa yote miwili, hapo ndipo mwisho. Alama yake ni urefu wa mstari mrefu kuliko yote aliousema sawasawa. Watu wazima wengi wasio na tatizo hufika tano hadi saba hivi. Mzee ambaye hakusoma huweza kuishia chini kidogo ya hapo bila kuwa na ugonjwa wowote.

Hatua ya tano: kurudi nyuma

Hapa msimamizi ndiye anayepimwa, na hapa ndipo utakapojifunza mengi kuliko pengine pote. Kwa mtu ambaye hakukaa darasani, amri ya "zigeuze" haina maana ya moja kwa moja, kwa hiyo usianze na nambari. Mimi huanza na njia: "Ukitoka nyumbani unapita msikitini, halafu dukani, halafu unafika sokoni. Ukirudi, utaanza na kipi?" Atasema sokoni, dukani, msikitini. "Basi na nambari zirudi hivyohivyo. Nikisema moja, tatu, wewe utasema...?" Mpe mifano miwili, mitatu. Asipoielewa kazi hata baada ya hapo, andika kwamba hakuielewa. Usimpe sifuri, kwa sababu aliyeshindwa kuelewa maelezo yako hajapimwa.

Mbili: 3 7, kisha 8 1.
Tatu: 5 9 2, kisha 4 1 6.
Nne: 7 2 8 3, kisha 6 1 7 4.
Tano: 2 9 5 1 8, kisha 3 7 4 1 6.

Taratibu za kusimama ni zilezile. Kwa kawaida mtu hupungua nambari moja au mbili akilinganishwa na alivyopata kwenda mbele. Pengo likiwa kubwa kuliko hapo, liwekee alama.

Yule bibi wa Mji wa Kale, mbele alifika tano, safi kabisa, binti yake akatabasamu. Tulipogeuza, mfano wa njia aliuelewa mara moja. Nikasema "tatu, saba". Akasema "saba..." akanyamaza. Macho yakaenda kwenye mikono yake, akaanza kukunja pindo la leso kidole kwa kidole, kama anayehesabu tasbihi. "Saba," akarudia, kisha: "Mwanangu, umeniambia nifanye nini?" Mstari wa pili akaurudia kwenda mbele, kwa sauti ya mtu aliyepatia. Nambari hazikuwa zimempotea. Kilichompotea ni agizo, njiani, wakati mikono ya akili imejaa. Niliyaandika maneno yake kama alivyoyasema, na daktari aliyemwona baadaye alianzia na sentensi hiyo.

Hatua ya sita: sinia na kete

Kwa asiyesikia vizuri, au aliyepoteza usemi baada ya kiharusi, tumia jicho na mkono. Philip Corsi, katika utafiti wake wa mwaka 1972 huko Montreal, Kanada, alitumia vipande tisa vya mbao vilivyotawanywa kwenye ubao. Wewe chukua sinia na vifuniko tisa vya soda, uvigundishe bila mpangilio wa safu. Gusa viwili, kimoja kila sekunde, naye aguse vilevile. Ongeza kimoja kimoja, mara mbili kila urefu. Vipe nambari upande unaokuelekea wewe tu, ili uandike alivyogusa. Kete za bao zinafaa pia, ila zisiwekwe kwenye ubao wa bao: mchezaji wa miaka arobaini ataona mchezo, na mkono wake utafuata mazoea.

Hatua ya saba: siku za wiki, kinyumenyume

Vipimo vingi vinapenda mtu ataje siku au miezi kuanzia mwisho. Kwa Kiswahili uwe mwangalifu, kwa sababu siku zetu zimebeba hesabu ndani yake: mosi, pili, tatu, nne, tano. Anayerudi kutoka Jumatano hadi Jumamosi anashuka ngazi ya nambari tu. Penye kazi ni pale hesabu inapokatika, kutoka Jumamosi kwenda Ijumaa na Alhamisi. Basi mwanzishe Jumatatu, arudi nyuma hadi Jumanne, ili avuke pale katikati. Miezi ya Mfungo, kwa wazee wanaoitumia, ina tabia hiyohiyo, na ugumu uko kati ya Mfungo mosi na Ramadhani, Shaabani, Rajabu.

Kwa sababu kazi hii ni nyepesi, aliyeshindwa hata hiyo ana tatizo la umakini ambalo halifai kusubiri. Rudi kwenye hatua ya kwanza, uulize tena kama mabadiliko yalikuja ghafla.

Hatua ya nane: bidhaa za sokoni

Hii niliianza kwa ajili ya kina mama wanaoziogopa nambari. Taja vitu bila mpangilio, naye avipange kuanzia kidogo hadi kikubwa: "nazi, ndimu" iwe ndimu, nazi. Halafu "fenesi, tende, embe" iwe tende, embe, fenesi. Halafu "papai, karafuu, fenesi, ndimu" iwe karafuu, ndimu, papai, fenesi. Haina wastani wa kulinganishia, kwa hiyo matokeo yake yaeleze kwa maneno. Lakini mzee hashikwi na hofu ya skuli, na mara nyingi huonyesha uwezo ambao nambari ziliuficha.

Kutoa saba katika mia, halafu saba tena, kumo katika vipimo vingi vya hospitali. Nyumbani siipendi. Aliyeuza achari na viazi karai maisha yake yote ataifanya kwa mazoea, na ambaye mume ndiye aliyekuwa akishika pesa ataikosa hata kama ni mzima.

Hatua ya tisa: andika makosa, si alama tu

Alama ya "nyuma 2" inasema machache. Andika jibu lenyewe. Alipata nambari zote lakini mpangilio ukageuka? Aliacha ya katikati? Alileta nambari ya mstari uliopita? Huyo wa mwisho anashindwa kufuta, na hilo ni la msimamizi. Alisahau agizo? Alianza vizuri akachoka baada ya dakika kumi? Alipatia asubuhi akakosa jioni? Weka tarehe, saa, lugha, kiwango cha masomo ya skuli na ya chuo, nani alikuwepo. Yote yasizidi dakika ishirini.

Karatasi hiyo ni siri yake. Usiipige picha ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria, hakuna mzee anayependa ndugu wa Jeddah wasome kwamba amekosa nambari tatu.

Kuyasoma matokeo

Kosa ninalolikuta sana ni kushangilia. Mzee karudia nambari sita mbele, familia inafunga faili. Katika ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia, unapoanza, kurudia mbele huweza kubaki kuzuri kwa muda, huku kinachoshindwa kwanza ni kushika jambo jipya baada ya dakika kadhaa. Kwa hiyo mwanzoni mwa kikao mpe maneno matatu yasiyohusiana, mfano "mkeka, simba, mvua", ayarudie mara moja, na baada ya kumaliza nambari umuulize tena. Aliyerudia sita mbele na hakumbuki hata kwamba alipewa maneno, mpeleke kwa daktari.

Pengo kubwa kati ya mbele na nyuma, pamoja na kushindwa kupanga mambo aliyokuwa akiyapanga, kama kupika biriani kwa mfuatano wake, huonekana mapema zaidi pale mishipa ya ubongo ilipodhurika, na presha na sukari zisizotibiwa ndizo njia kuu za huko. Siku njema na siku mbaya zinazopishana sana, pamoja na kuona visivyokuwepo, zina ugonjwa wake pia, na daktari anahitaji kujua hilo mapema kwa sababu wagonjwa hao hudhurika vibaya na baadhi ya dawa za kutuliza. Mbele na nyuma zote kuwa chini sana kwa mtu anayesikia, aliyekula, asiye na huzuni, ni jambo la kuchunguzwa bila kuchelewa.

Kipimo bora cha kumlinganisha mzee ni yeye mwenyewe. Rudia baada ya miezi sita: saa ileile, kiti kilekile, aliyepima awe yuleyule ikiwezekana, mistari iwe mipya.

Kumpeleka kwa daktari

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uombe barua ya kwenda hospitali kuu ya Makadara kama itahitajika. Uliza kuhusu vipimo vya damu vya tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, kaswende na virusi vya Ukimwi, maana zipo hali za kusahau zinazotibika, na ni huzuni kubwa mtu kuachwa na moja ya hizo kwa jina la uzee.

Huko huenda wakatumia kipimo cha kumbukumbu na akili kiitwacho MoCA, kilichotangazwa mwaka 2005 na Ziad Nasreddine na wenzake wa Montreal. Kina alama 30, na ndani yake mzee hurudia nambari tano mbele na tatu nyuma. Kinadai pia kuchora umbo la mchemraba na saa, na mtu aliyesoma miaka 12 au chini huongezewa alama moja. Kwa bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu, alama moja hiyo ni msaada mdogo mno, nawe una haki ya kulisema. Kipo cha karibu na sisi, IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee ambao wengi hawakupata masomo. Badala ya kuchora, mzee hupanga njiti za kiberiti. Ukiulizia kwa jina, huenda ukasaidia wazee wengine wa foleni hiyo.

Kuitumia alama nyumbani

Mzee akikuuliza "Nimepasi?", usimdanganye na usimpe nambari kavu. Mimi humwambia: "Yapo uliyoyashika vizuri, na yapo yaliyokuponyoka ulipoyageuza. Nataka daktari ayaangalie hayo ya pili." Wengi hushusha pumzi. Walikuwa wakijua kabla yetu.

Kisha waonyeshe watoto kwamba ile alama ya kurudi nyuma ni kipimo cha maneno yao wenyewe. Nyumbani kwa bibi wa leso nilimsikia binti akisema: "Mama, inuka ukavae viatu, uchukue mkoba mle chumbani, halafu ufunge dirisha maana tunatoka." Bibi aliinuka, akasimama katikati ya chumba, akaketi tena. Mambo manne kwa mtu ambaye hakuweza kugeuza mawili. Tulijaribu upya. "Mama, inuka." Akainuka. "Hivi hapa viatu." Akavivaa. "Mkoba uko kitandani." Akaenda, akarudi nao mkononi. Dirisha binti alilifunga mwenyewe. Sasa vidonge vya asubuhi viko kwenye kisahani cha kijani na vya jioni kwenye cheupe, kimoja tu ndicho kinachowekwa mezani kwa wakati wake, na anayemwita bibi hukaa kwanza mbele yake, akamngoja amtazame, ndipo akasema.